Uso Uliokataa Kukauka

Mtu wa kwanza niliyefundishwa kumchora alikuwa mwanamke wa Ulaya mwenye uso wa kijani. Nilimpa jina la Bibi Mlenda, kwa sababu rangi yake ilikuwa ile ile ya mlenda uliolala chunguni, na kwa sababu jina lake la kweli lilikuwa refu kuliko darasa langu la nne.

Alikuwa amebandikwa ukutani kwenye chumba cha nyuma, nyumbani kwa akina Hirji, Singida mjini, nyuma ya duka lao la nguo na misumari. Ilikuwa picha ya kuchapwa kwenye karatasi nzito, nakala ya kazi ya Mjerumani mmoja wa zamani ambaye, nilivyoambiwa, wenzake walimcheka mpaka akafa, halafu wakaanza kuzigombania picha zake. Mwanamke mwenyewe amekaa tu. Paji la uso kijani, shingo njano, kivuli cha pua chekundu kama kidonda, jicho moja limefunguka kuliko mwenzake. Mikono ameifumbata kifuani kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Nilipoanza kazi pale nilikuwa nafagia chumba kile kinyumenyume, ili nisimpe mgongo.

Mwenye picha ile alikuwa Bi Nurjehan, dada yake Bwana Hirji. Alisomea uchoraji Bombay, na kabla hajamaliza baba yao akafariki, yeye akaitwa nyumbani kuja kupima vitambaa. Hakuolewa. Mtaani walisema harufu ya rangi imempanda kichwani. Mimi nilikuwa mfanyakazi wao wa ndani, Redempta wa Ilongero, niliyekuwa nimemwachia mume nyumba, kuku na mama yake. Katika hivyo vyote ninaowakumbuka ni kuku.

Na alikuwepo mama yao, Bibi Noorbanu. Huyu ndiye hadithi yenyewe.

Bibi Noorbanu aliletwa Ilongero akiwa bibi harusi, enzi za Mwingereza, akafungua na mumewe kiduka cha chumvi na kaniki. Kinyaturu alikijua kiasi cha kukutukana ukamshukuru. Alianza kununua alizeti wakati sisi wengine tunawapa kuku mbegu zake, akawa anazikamua mwenyewe kwa kinu cha mkono na kuyaweka mafuta kwenye mitungi ya kioo. Walipohamia mjini, kinu alikuja nacho. Chapati zake zilinukia kwetu, si kwao.

Ila alikuwa na jambo lake moja. Hakukubali kupigwa picha. Mpiga picha akija siku ya Idi, watoto wanapangwa, mzee anakaa kitini, na pale kifaa kinapolia tu, Bibi anavuta mtandio mpaka kidevuni. Picha ya familia yao ilikuwa imetundikwa sebuleni: baba, Hirji na suruali fupi, Nurjehan na mikia miwili ya nywele, na katikati yao kitambaa kilichosimama. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini. Akaniambia, huku anachambua choroko, kwamba uso ukishatolewa nje hauuoni tena mlango wa kurudia.

Halafu akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala: mkono, mguu, jicho, na kona ya mdomo ikashuka kama pazia lililokatika kamba. Mimi ndiye niliyemlisha mpaka mwisho wake. Asubuhi uji, mchana wali uliopondwa, jioni uji tena, na kila kijiko kikiingia, kidogo kinarudi nje pembeni, nakipangusa. Ugonjwa ule ulivuka masika mawili.

Bi Nurjehan alikuwa anakuja mpaka mlangoni. Anasimama na mkono kwenye kizingiti, anauliza kama Mama amekula, mimi najibu amekula, anaondoka. Sikumhukumu. Kuna watu damu ikitoka wanazimia, na si kwamba hawampendi mwenye damu. Bibi alikuwa anajua. Mtoto wake akija mlangoni, aligeuza kichwa ukutani ili upande mbovu usionekane. Kwa hiyo mama alijificha na binti akajificha, na mimi nikakaa katikati na kijiko.

Akafa. Akazikwa upande wa nje wa mji kwenye makaburi yao, na fundi seremala wetu, Melkizedeki, ndiye aliyekata mbao za kaburi. Haukupita muda serikali ikatwaa majumba ya kupangisha, na wao walikuwa nayo. Wahindi wa mtaa ule wakaanza kufunga mizigo familia moja moja, bila kuagana sana, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Bwana Hirji akasema na sisi tunakwenda Kanada kwa binamu yake. Bi Nurjehan akasema haendi bila uso wa mama yake.

Kaka mtu akamwonyesha ile picha ya sebuleni. Akamwambia mama huyu hapa. Ndugu zangu, mtu mzima yule alilia akikitazama kile kitambaa.

Alijaribu kumchora mwenyewe. Alijifungia chumba cha nyuma siku nyingi, mimi nikawa namwachia chai mlangoni inapoa na kuota ngozi. Alipofungua akaniita ndani. Alikuwa amechora nyuso nyingi juu ya karatasi, na zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa Bibi Mlenda. Amevikwa mtandio, amewekwa kipini cha puani, lakini ni yeye yule, jicho moja kubwa, mikono kifuani. Bi Nurjehan alikaa sakafuni katikati ya wageni wale. Alisema mkono wake umekariri uso mmoja tu, na kila anapomtafuta mama, huyu wa kijani ndiye anayefungua mlango.

"Mimi mama yangu nimemsahau, Redempta," akasema. "Wewe unaye."

Nikamwambia sina kitu. Akasema ninao, uso wote ninao, kwa sababu nilikuwa naulisha. Atanifundisha kuchora, na mimi nitamtoa. Tena akaweka sharti: nimtoe kama alivyokuwa kabla ya ugonjwa, pande zote mbili sawa.

Mimi shuleni nilichapwa kwa kumchora mwalimu na mbuzi wake, na watu wakashindwa kujua yupi ni yupi, basi ndio usanii wangu wote. Lakini niliona jinsi alivyokuwa ananitazama. Nikasema haya.

Akanifundisha kwa njia aliyofundishwa yeye: kunakili. Alisema hakuna anayeanza na mama yake. Unaanza na mama wa mwenzako. Kwa hiyo nikapewa Bibi Mlenda. Melkizedeki akatengeneza fremu, tukawamba kitambaa cha merikani, tukakipaka gundi na chokaa mpaka kikalia kama ngoma. Kisha rangi za mafuta, zilizokuwa kwenye vibomba kama vya dawa ya mswaki, zinazolainishwa kwa mafuta ya kitani kutoka kwenye chupa ya kahawia. Unaanza na kijani. Uso mzima unaupaka kijani kwanza, mifupa na mashimo, kama maiti. Halafu ndipo unaleta nyekundu na njano juu yake kidogo kidogo mpaka anapata damu. Yule Mjerumani, alisema, aliishia njiani makusudi. Aliiacha maiti ichungulie.

Nilipokosea alinigeuzia picha kichwa chini, zote mbili, ya kwake na ya kwangu, ili nisione pua wala mdomo, nione mabaka tu. Ajabu ni kwamba baka halidanganyi. Na mara zote alirudia neno moja, kwamba nisichore jicho, nichore kile ambacho jicho linanifanyia. Nikamwambia jicho la mume wangu lilinifanya nikimbie mpaka Singida mjini. Akasema, bila kucheka, basi chora mbio hizo.

Nikanakili, nikafuta, nikanakili tena. Ndipo yakaanza mambo. Namenya viazi, naona kivuli cha kiazi kimekaa chekundu kama pua ile. Naenda sokoni, mama anayeuza dagaa ananyanyua kichwa, jicho moja kubwa. Jumapili padre anageuka kutubariki, shingo yake njano. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima kimya, napita mbele ya kioo cha sebuleni na trei ya vyombo, na aliyepita kwenye kioo hakuwa na trei. Nilirudi nyuma nikatazama. Nilikuwa ni mimi, trei ninayo. Lakini nilichelewa kidogo kufika.

Nikamweleza Bi Nurjehan. Akaniambia vizuri, sasa ameingia mkononi, tunaweza kuanza na Mama.

Tatizo ni kwamba katika kumnakili Bibi Mlenda tulikuwa tumemaliza mafuta. Ile chupa ya kahawia ilibaki na harufu tu. Zamani ilikuwa inakuja na boksi la rangi kutoka Bombay, na boksi lilikuwa halija tena. Mjini penyewe hata sabuni ilikuwa inatafutwa. Bi Nurjehan alikaa na chupa tupu mapajani kama aliyefiwa upya.

Mimi ndiye niliyeingia jikoni. Juu ya kabati ulikuwepo mtungi wa mwisho wa Bibi Noorbanu, alizeti aliyoikamua kwa mkono wake ule mzima kabla haujalala. Nikaja nao. Nikamwambia mafuta ni mafuta. Nilikuwa na ushahidi: matone ya alizeti kando ya jiko hugeuka gundi ngumu ambayo huitoi bila kisu. Kama yanakauka kwenye jiko, kwa nini yasikauke kwenye picha? Bi Nurjehan aliyanusa, akafumba macho. Alisema hajui alizeti, hawakufundishwa, ila tujaribu. Nadhani hakuwa anafikiria kukauka. Alikuwa ananusa chapati.

Nikaanza. Yeye alikaa nyuma yangu amegeukia ukuta, akaniambia hatatazama mpaka niseme tayari. Nje ulikuwa msimu wa upepo, ule wa Singida unaovuma kutwa kama unalipwa, vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Ndani ya ua kulikuwa na bembea yao ya mbao, ya kukalia watu wawili, aliyokuwa anapenda Bibi. Upepo ukaisukuma. Ilikuwa inalia mara moja, inakaa, inalia tena, kwa mwendo ule ule wa mtu mzito anayejisukuma kwa mguu mmoja.

Uso ulikataa kuja. Kijani nilikiweka vizuri, mifupa ikakaa, lakini nilipofika kwenye mdomo nikakuta sina kitu. Namkumbuka Bibi wote, kofi lake la mgongoni, matusi yake, lakini mdomo hakuna. Ndipo nikafanya upuuzi. Nikaenda jikoni nikachukua kile kijiko chake, nikakishika mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia. Nikakisogeza mbele ya kitambaa kama namlisha. Na wewe unajua mtu akimlisha mwingine hufungua mdomo wake mwenyewe. Nikafungua wangu. Na pale mbele yangu nikauona wa kwake, ukifunguka kunijibu. Picha ile niliichora mdomo wangu ukiwa wazi kuanzia siku hiyo mpaka mwisho, na nzi wakanijua.

Pande zote mbili sawa. Nilishika sharti. Jicho la kushoto nililiinua, kona ya mdomo nikaipandisha, nikampa damu mashavuni kwa udongo mwekundu tuliouchekecha wenyewe, maana nyekundu ya kibomba nayo iliisha. Nikasema tayari.

Bi Nurjehan akageuka. Alisogea mpaka karibu, akanyanyua mkono kama anayetaka kugusa, akaurudisha. Bwana Hirji aliitwa, akaja na kikombe cha chai, akakiweka chini polepole sakafuni kama watu wanavyofanya mbele ya wazazi. Melkizedeki naye alikuwa anapita na mbao za makasha ya safari. Akachungulia, akavua kofia, akasema shikamoo Bibi. Halafu akakumbuka mbao za kaburi alizikata nani. Hakurudi kazini mpaka kesho yake, na alikuja ananuka pombe.

Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, na msinicheke.

Lori lilikuwa limeshaagizwa kutoka Dar es Salaam. Kilichobaki ni picha kukauka. Tukaisimamisha ukutani, tukangoja. Asubuhi Bi Nurjehan anaigusa pembeni kwa kidole, kidole kinatoka na rangi. Tunangoja. Anagusa, kidole kinatoka na rangi. Upepo unavuma, jua linawaka, nguo nikianika zinakauka kabla sijamaliza kamba, na Bibi Noorbanu yuko pale anang'aa mbichi kama aliyetoka kuoga.

Kisha akaanza kuteremka.

Kwanza ilikuwa jicho. Upande wake wa kushoto, kona ya kope. Kidogo sana, nikadhani ni macho yangu. Siku iliyofuata shavu likafuata. Halafu kona ya mdomo, ile ile niliyoipandisha kwa mkono wangu, ikaanza kushuka, polepole, kama pazia lililokatika kamba.

Bi Nurjehan alinishika mkono jikoni, unga wote ukamwagika. Aliniambia nimeingia kwa siri nikamchora mama yake mgonjwa ili kumkomoa, ili kumwonyesha kwamba mimi nilikuwa namtazama na yeye hakuwa. Nikaapa kwa Mungu, kwa Bikira Maria, na kwa kuwa yeye ni Mwislamu nikaongeza na Korani. Hakuniamini. Akafunga chumba kwa ufunguo, akauning'iniza shingoni, akaenda nao mpaka chooni.

Tulipofungua, jicho la kushoto lilikuwa limelala kabisa.

Alisimama mlangoni. Mkono kwenye kizingiti, pale pale. Mimi nilimwona alivyosimama nikajikuta nataka kumjibu kwamba amekula. Na ndani, juu ya kitambaa, nawaambia nilichokiona: uso ulikuwa umegeuka kidogo kuelekea ukutani. Labda ni rangi iliyokuwa imejivuta. Dirisha liko upande ule, jua la alasiri linapiga pale, mafuta yanalainika. Bwana Hirji alilieleza hilo baadaye kwa sauti kubwa, huku amesimama nje ya chumba. Sawa. Lakini jua halikuwahi kumjua Bibi Noorbanu.

Bwana Hirji akasema tuilaze chali mezani, haitateremka. Tukailaza. Ilikuwa akili nzuri, na ingefanya kazi. Ila Bi Nurjehan aliingia akamkuta mama yake amelala chali, uso juu, mbao za Melkizedeki zimezunguka pembeni, na vumbi linamwangukia usoni taratibu. Akatoa sauti sijawahi kuisikia kwa mtu. Aliisimamisha mwenyewe tena ukutani, mikono imejaa rangi.

Nikasema moyoni basi, mambo yameisha. Aliyejificha kwa mtandio akiwa hai, sasa anajificha kwa mafuta. Mafuta yake mwenyewe, tena. Nani atamshinda?

Siku hiyo, saa sita, nyumba kimya, bembea inalia nje, nilipeleka chai. Bi Nurjehan alikuwa ndani. Alikuwa amevuka kizingiti, amekaa kwenye kigoda mbele ya picha, karibu, magoti yanakaribia kugusa fremu. Ile kona ya mdomo ilikuwa imetoa tone, rangi na mafuta, tone refu linaloshuka kidevuni na kung'aa. Alikuwa analitazama. Hakugeuka kuniangalia.

"Ulikuwa unampangusaje?" akauliza.

Nikaweka trei chini. Nikamwambia, "Kutoka nje kuja ndani, Bi Nuru. Ukipangusa kwenda nje anaona unamfukuza."

Akashika ncha ya mtandio wake, mweupe, wa hariri, wa kuendea jamatini, msikitini kwao. Akaikunja kwenye kidole. Akapangusa, kutoka nje kuja ndani.

Mimi nilitoka. Kuna mambo ambayo mfanyakazi hakai kuyatazama, ingawa mlango niliuacha wazi kidogo, kwa ajili ya hewa.

Kuanzia hapo alikuwa anaingia kila asubuhi. Anampangusa, anazungumza naye Kikachi, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya chini ya mtu anayeeleza mambo marefu yaliyomchelewea. Sikielewi Kikachi. Lakini najua namna ya mtu anayeomba radhi katika lugha yoyote, ana kawaida ya kurudi kwenye neno moja. Mchana mmoja nilimsikia akicheka, nikapata hofu kuliko alipolia. Kila alipopangusa, uso ulibaki kidogo kwenye mtandio na ukapungua kidogo kwenye kitambaa, na kile kijani cha chini, maiti ya Mjerumani, kikaanza kuchungulia kwenye taya.

Lori lilikuja asubuhi. Makasha yakapakiwa, bembea ikafunguliwa minyororo, ikapakiwa nayo. Melkizedeki alikuwa ametengeneza kasha la picha lenye papi, vibao vyembamba, ndani, ili kifuniko kisimguse Bibi usoni. Kazi safi. Lakini alisimama na nyundo, misumari mdomoni, akagoma. Alitoa misumari mdomoni kwanza, akasema yeye Bibi alishamfungia mbao mara moja, hamfungii tena mpaka aambiwe na mwenyewe. Bwana Hirji akapandisha hasira, akasema ni rangi hii, ni mafuta ya kukaangia. Melkizedeki akamwambia basi shika nyundo wewe, mtoto wake. Bwana Hirji aliishika. Akamtazama mama yake, aliyekuwa anamtazama na jicho moja. Akairudisha.

Dereva alipiga honi. Watu wote wakamgeukia Bi Nurjehan, maana yeye ndiye aliyesema haendi bila uso wa mama yake, na sasa uso huu hapa, na kasha hili hapa.

Alimwendea Bibi, akampangusa mara ya mwisho, si haraka. Kisha akasema na kaka yake kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie.

"Akiwa hai alisema haondoki Singida. Tulidhani ni ugonjwa unaosema."

Akanipa mimi. Hakunipa kwa maneno. Alinishikisha fremu mkono wa kushoto, na kile kijiko mkono wa kulia. Halafu akajifunika mtandio wake, ule wenye madoa, akaugeuza upande wa rangi ukawa ndani, shavuni kwake. Mimi kanisani kwetu nimetazama kituo cha sita cha njia ya msalaba miaka mingi, yule mama aliyempangusa Bwana akabaki na sura kwenye kitambaa, na siku zote nilidhani mchoraji alitia chumvi. Bi Nurjehan akapanda lori. Chini ya kwapa alikuwa na Bibi Mlenda amekunjwa kama gazeti. Aliyekauka ndiye aliyepata safari.

Na pale mbele, kabla lori halijakata kona, aliuvuta mtandio mpaka kidevuni. Upepo ulikuwa mwingi, vumbi jingi. Labda ni hilo.

Nilirudi Ilongero na Bibi kichwani, uso umeangalia mbele, nimejitengenezea nafasi njiani kama gari la mkuu wa wilaya. Ilipokuja amri ya kuhamishiwa vijijini, tukaambiwa kila mtu atoke kwenye boma lake aende kujenga nyumba kwenye mistari, vijana wa mgambo wakaniuliza lile limtu ni nani. Nikasema mama mkwe. Wakanisaidia kumpandisha kwenye trekta kwa adabu, mmoja akampa shikamoo, na walioacha makaburi yao nyuma kwenye maboma wakanitazama kwa wivu. Wengine walianza kuja kwangu kumsalimia, watu wasiomjua. Walikuwa hawana wa kwao wa kumsalimia pale. Wanakaa kidogo, wanataja majina ya wao, wanaondoka. Sikuwazuia.

Sasa ni mzee mimi kuliko alivyokuwa yeye. Hajakauka. Kifuku, mvua zikinyesha, anakaza kidogo, unaweza kumdanganya mtu kwamba amepoa. Kiangazi kikishika na ule upepo ukianza, analainika, na ukimgusa kidole kinanasa. Damu niliyompa kwa udongo imeteremka yote. Aliyebaki juu ni wa kijani, na jicho lile zima, kwa sababu mwenzake amelala, linaonekana kubwa sana. Mikono sikumchorea, hilo nina hakika, nilikosa rangi. Lakini pale kifuani mafuta yamejikusanya, na mjukuu wangu Sara anasema ni vidole, vimefumbatana.

Kuhusu Bi Nurjehan sikusikia tena. Kanada ni mbali, na kule nasikia vitu vinakauka haraka.

Asubuhi nampangusa, kutoka nje kuja ndani. Nampa habari za mvua na bei ya alizeti, maana hiyo alikuwa anaipenda. Kisha nachukua ufagio nafagia chumba, kinyumenyume. Sara ananicheka, anasema bibi yake anaogopa picha. Namwambia si woga, ni heshima. Jana nimemkuta peke yake mle ndani, ameshika ufagio, hajui kwamba naona. Naye alikuwa anafagia kinyumenyume.